Nafasi Kumi na Sita kwa Jina la Mkwe

Kabla sijasema lolote naomba mjue kwamba mimi nimesoma. Nina diploma, ina muhuri, mama ameitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni kwetu Buyenzi juu ya televisheni, na kila mgeni akiingia lazima aonyeshwe. Naitaja mapema kwa sababu mkishasikia nilichofanya siku ya posa ya dada yangu hamtaamini, na wengine mtataka kuja kuishusha wenyewe. (Baba alishapendekeza ishushwe. Mama akakataa, akasema msumari utabaki peke yake na utakuwa mbaya zaidi.)

Aibu yenyewe ilianza na namba. Kumi na sita. Lakini nikianza hapo hamtanielewa, kwa hiyo turudi nyuma kidogo.

Mimi ni mtu wa kuhoji, na nyumbani hilo si sifa. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza ustadhi wa madrasa maswali mpaka akaniomba nikae karibu na mlango ili nikitaka kutoka nisisumbue wengine. Basi dada Zaina alipopata mchumba na ikapangwa siku ya posa (dot, kama tunavyosema hapa mjini), nikahoji mambo mengi, na nililoling'ang'ania zaidi lilikuwa la wasichana wa protokole. Mnawajua: mabinti watatu waliovaa kitenge kimoja, wanasimama mlangoni na karatasi ya majina, wanampeleka kila mgeni kwenye meza yake. Kila sherehe karatasi inapotea, kila sherehe mgeni wa heshima anakalishwa na watoto, na kila sherehe nikiuliza kwa nini tunaendelea nao najibiwa kwamba ndivyo inavyofanywa. Hilo si jibu! Nikawaambia mashine inaweza kufanya kazi hiyo bila kugombana na mtu kuhusu kitenge.

Na mashine nilikuwa nayo. Chuoni, kwa kazi ya mwisho, nilitengeneza ubao wa taa nyekundu, mrefu kuliko mlango, ambao maneno yanapita juu yake kutoka kulia kwenda kushoto. Baba, ambaye ni fundi wa magari, ndiye aliyenichomelea fremu yake. Programu niliiandika kwa C, ambayo ni lugha ya kompyuta ya zamani na haina huruma, na niliipenda kwa sababu hiyohiyo. Mpango ulikuwa rahisi: nakaa mlangoni na kompyuta, mgeni akifika nachagua jina lake kwenye orodha, na juu ya kichwa changu ubao unaandika KARIBU FULANI, MEZA FULANI. Kwisha. Protokole wapumzike.

Sasa kumi na sita. Katika C ukitaka kuhifadhi jina lazima useme mapema umelitengea nafasi ngapi, herufi moja nafasi moja, kama kreti ya Fanta yenye mashimo yake. Nikajiuliza, jina la mtu lina urefu gani? Nikawaangalia watu wa kwetu. Juma Hamisi, baba yangu mdogo, herufi kumi pamoja na nafasi ya katikati ni kumi na moja. Saidi Hamisi, baba yangu. Mimi mwenyewe, Hadija Saidi. Shangazi Mwajuma Hamisi ndiye mrefu kuliko wote, kumi na nne. Nikaandika kumi na sita na nikajiona mkarimu.

(Ndiyo, nilizaliwa Burundi. Ndiyo, nimekaa darasani miaka kumi na tano na watu wenye majina ambayo mwalimu akiyasoma anapumua katikati. Msinizomee bado, kuna mengine yanakuja.)

Mchumba wa Zaina anaitwa Idi, anatoka Kinindo, na watu wake ni Waislamu kama sisi ila geti lao linafunguka lenyewe na sisi uani tuna giaboksi tatu. Na kila mmoja wao ana jina la Kirundi kamili mbele ya jina la dini. Mkubwa wao ni Mzee Nsengiyumva Abdulkarimu, mwalimu mkuu mstaafu, baba mkubwa wa Idi. Idi hana baba tena, kwa hiyo mzee huyu ndiye aliyepaswa kusimama na kusema maneno ya kuomba binti. Akisema, Zaina ana mume. Asiposema, watu wanakula pilau na kurudi nyumbani, na dada yangu anabaki na kucha zilizopakwa rangi bure.

Ijumaa mchana, gereji kwa baba, nikaingiza jina lake kujaribu. Ubao ukaliandika lote vizuri sana. Lakini kwenye kompyuta, katika safu ya pembeni inayoitwa maelezo, ambayo ilikuwa bado tupu kwa wageni wote, pakatokea neno la ajabu: lkarimu. Nikafuta, likarudi. Kumbe amri niliyotumia kunakili jina, inayoitwa strcpy, haihesabu kitu. Ni sawa na kijana wa kupanga soda ambaye kreti ikijaa anaendelea tu kuweka chupa kwenye mapaja ya jirani. Jina la mzee lilizidi kumi na sita, na zilizozidi zikamwagikia safu ya maelezo.

Nikampigia Fabrice, tuliyesoma pamoja, sasa anafanya kazi ofisi moja kule Rohero.

"We bado unatumia strcpy?" akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuta binamu yake anakula udongo. "Weka strncpy. Ile inahesabu. Unaiambia mwisho wako kumi na sita, inaishia hapo. Lakini usome maelezo yake mpaka mwisho, umesikia? Mpaka mwisho, Hadija."

"Nimesikia."

Nilisoma mpaka katikati. Kulikuwa na joto, fundi msaidizi wa baba alikuwa anapiga bodi kwa nyundo, na katikati palieleweka. Nikabadilisha amri, nikaanzisha programu upya, nikamwita mzee. Ubao ukaandika KARIBU NSENGIYUMVA ABDU, MEZA 2. Safu ya maelezo tupu kabisa. Jina limekatwa, sawa, lakini nikajiambia kukata jina kidogo hakujawahi kuua mtu, na mimi ninayehoji kila kitu chini ya jua nikafunga kompyuta bila kuhoji chochote.

Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi tuliokodi, Shangazi Mwajuma akaja na kiti akakaa pembeni yangu. Hiyo safu ya maelezo niliiweka kwa ajili yake, alisema anataka mahali pa kuandika mambo kama huyu ana sukari asipewe Fanta, ili mimi nikiona kwenye kompyuta niwanong'oneze wanaohudumia. Jambo jema. Akaanza na sukari, akaenda presha, halafu akakaa sawasawa kwenye kiti.

"Mutoto wangu, andika. Niyonkuru Mwanahawa, dada ya Idi. Anapenda kupiga picha sahani za watu."

"Shangazi, hiyo ni afya?"

"Andika. Bigirimana Shabani. Asipewe maikrofoni, sikukuu ya Idi iliyopita aliongea mpaka pilau ikapoa."

Nikaandika. Sitasema nilikataa, nilikuwa nacheka. Kisha akasogea karibu akashusha sauti.

"Huyu muzee mwenyewe. Andika: huyu ndiye aliyesema watu wa Buyenzi wananuka grisi, mchekeeni tu."

"Alisema hivyo?"

"Kwenye matanga, mbele ya jirani yangu. Baba yako hajui, na asijue. Akijua, leo hakuna posa, mi namujua kaka yangu."

Nami namjua. Siku hiyo baba alikuwa amesugua mikono tangu alfajiri kwa sabuni ya unga na limau, kucha moja moja, na bado alikuwa anaificha mfukoni akisalimiana na watu. Nikaandika sentensi ile haraka, nikamwachia Shangazi kompyuta amalizie wengine mwenyewe, nikaenda kutafuta waya wa kurefusha umeme.

Saa nane watu wetu wakaanza kuingia. KARIBU JUMA HAMISI, MEZA 7. Baba mdogo akasimama chini ya ubao kama anayepigwa picha ya pasi ya kusafiria, akatoka nje, akaingia tena ili imwandike mara ya pili, nami nikamwandika, kwa nini nisimwandike, ilikuwa siku yangu. Wasichana wa protokole walikuwa wamekaa pembeni na vitenge vyao wananitazama kwa chuki safi. Nikawapungia mkono.

Kisha magari ya Kinindo yakafika.

Kumbukeni nilikokaa. Ubao uko juu ya kichwa changu, nyuma yangu. Mimi naangalia kompyuta, wageni wanaangalia ubao, na ukumbi wote unaangalia wageni. Dada yake Idi akaingia wa kwanza, nikachagua jina lake, na nikasikia watu wanacheka kidogo. Nikadhani wamefurahi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu (nilikuwa nimefanya mazoezi ya unyenyekevu huo). Akaingia Bigirimana Shabani. Kicheko kikawa kikubwa, mtu akapiga meza, mwenyewe Shabani akasimama mdomo wazi. Nikasema moyoni, kumbe watu wa Kinindo hawajawahi kuona teknolojia.

Akaingia Mzee Abdulkarimu, koti la kijivu, kofia nyeupe, bakora. Nikamchagua.

Hakucheka mtu.

Hata wale wa jikoni waliacha kugonga sufuria. Nikainua macho nikamwona mzee anasoma, midomo inatembea taratibu, kama anasahihisha insha ya mtoto. Nikageuka. Herufi nyekundu, ndefu kama mkono wangu, zilikuwa zinapita bila haraka yoyote:

KARIBU NSENGIYUMVA ABDUHUYU NDIYE ALIYESEMA WATU WA BUYENZI WANANUKA GRISI MCHEKEENI TU, MEZA 2.

Na zikaanza tena tangu mwanzo, maana nilikuwa nimeziambia zirudie mara tatu. Kwa heshima.

Niwaeleze nini kilikuwa kimetokea, ingawa wakati ule sikuwa na uwezo hata wa kueleza jina langu. Katika C neno halijui linaishia wapi. Mwisho wa kila neno inawekwa sifuri isiyoonekana, na anayesoma anasoma mpaka aikute. Ile strncpy inahesabu, ni kweli, lakini jina likijaza nafasi zote haiweki sifuri. Inaondoka tu, mlango wazi. Anayesoma anafika herufi ya kumi na sita, hakuna wa kumwambia simama, anaingia chumba cha jirani, na chumba cha jirani ndimo Shangazi alimokuwa ameweka siri za ukoo. Ijumaa maelezo yalikuwa matupu, na utupu ni sifuri, kwa hiyo ubao ulisimama kwa bahati. Juma Hamisi na wenzake majina yalikuwa mafupi, sifuri zao zipo, siri zao salama. Waliovuliwa nguo ni wakwe tu.

Nikachomoa waya. Nimechelewa, lakini nikachomoa.

"Nani ameandika hii?" Mzee akauliza.

Shangazi Mwajuma, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa pembeni yangu, alikuwa tayari meza ya tisa akipanga vijiko. Akanyoosha kijiko. "Ni ule, musomi."

"Mzee, samahani, ni sifuri," nikasema. "Sifuri haikuwekwa mwisho."

Sijui nilitegemea nini. Idi alikuwa amefunga macho. Kwenye mlango wa nyuma, nyuma ya pazia, niliona vidole vya Zaina vimeshika kitambaa, rangi ya kucha ileile, na hapo ndipo nilipokumbuka siku hii ni ya nani, maana mpaka wakati huo nilikuwa nafikiria aibu yangu tu.

Baba akainuka. Akatembea ukumbi mzima, hakuna aliyemshika, akasimama mbele ya mzee.

"Ulisema?"

Mzee angeweza kukana. Ningekuwa mimi ningekana, na ningelaumu kompyuta, na kompyuta ilikuwa palepale tayari kulaumiwa.

"Nilisema," akasema. "Mbele ya watu. Nilikuwa sijamujua binti yako, na nilisema."

Baba akatoa mikono yote miwili mfukoni, akamnyooshea.

"Leo ni limau," akasema. "Nimesugua tangu asubuhi. Nusa."

Wallahi mzee yule akaweka bakora kwapani, akaishika mikono ya baba, akaigeuza, akainama, akanusa kweli. Akafikiri.

"Iko kidogo bado," akasema.

Sijui nani alianza. Nadhani ni baba mwenyewe, kicheko chake cha gereji kile kinachotoka tumboni, halafu mzee, halafu ukumbi, halafu Shabani ambaye alikuwa anatafuta maikrofoni. Nikashusha pumzi. Mapema mno.

"Lakini mi sisemi neno hapa," Mzee akainua kidole, na wote wakanyamaza kama darasa, "mpaka jina yangu iandikwe yote. Kunitukana munanitukana, sawa, nilianza mimi. Abdu ni nani? Mi niko Abdulkarimu. Miaka arobaini nimesahihisha watoto wanaokata majina ya watu. Binti, andika."

"Tuache tu, Mzee, protokole watakupeleka..."

"Apana. Andika hapo juu."

Basi, jamaa zangu, nikaandika programu mbele ya wakwe. Mzee amesimama nyuma ya bega langu na miwani yake, baba upande wa pili ananuka limau, wasichana watatu wa kitenge wamesogea ili wasikose kitu, na Fabrice kwenye simu, sauti wazi, maana mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye kompyuta.

"Ulisoma mpaka mwisho?" akauliza.

"Fabrice, niko mbele ya watu."

"Hukusoma." Nikamsikia anavuta hewa. "Tumia snprintf. Inahesabu, na sifuri inaweka yenyewe, hata jina likizidi. Na hiyo kumi na sita yako iondoe. Kumi na sita, Burundi hii? We ulizaliwa wapi?"

"Anasema kweli," Mzee akasema.

Nikaweka sitini na nne. Nikaweka snprintf. Nikaagiza kompyuta ijenge programu, ikakataa: nimesahau nukta mkato mwishoni mwa mstari. "Hapo," Mzee akasema akigusa kioo kwa ncha ya bakora, "mustari wa juu uko na alama, wa chini hauna." Mtu ambaye hajawahi kuona C maishani mwake. Nikaweka alama. Na kabla ya kuwasha, nikafanya jambo ambalo lilipaswa kufanywa Ijumaa: nikasoma maelezo ya snprintf mpaka neno la mwisho, ukumbi mzima ukinisubiri, pilau ikipoa.

KARIBU NSENGIYUMVA ABDULKARIMU, MEZA 2.

Akaisoma mara zote tatu. Akatikisa kichwa, akasema "Meza ya kwanza, na huyu fundi," akaketi karibu na baba. Na baada ya dua akasimama, akaomba binti wa Saidi Hamisi kwa ajili ya mtoto wa mdogo wake kwa maneno mazuri ambayo siwezi kuyarudia kwa sababu nilikuwa nalia chini ya meza, nikijifanya natafuta waya.

Zaina ameolewa. Hakuongea nami wiki mbili, kisha akaongea siku nzima mfululizo, na nilistahili. Shangazi amebakia kuamini kwamba kosa ni la mashine. Siku ya harusi yenyewe wasichana wa protokole walirudi mlangoni na karatasi, karatasi ikapotea, mgeni wa heshima akakaa na watoto, na mimi nilikuwa jikoni kwenye kreti za Fanta, nikihesabu mashimo. Sikuhoji chochote. Mzee Abdulkarimu, kila akikutana nami, anaitamka "karimu" peke yake, polepole, halafu ndiyo anajibu salamu.

Sasa nimeapa. Sinakili neno la mtu kabla sijajua litaishia wapi, siamini amri niliyoisoma nusu, na siweki karibu na jina la mtu kitu nisichoweza kumsomea mwenyewe ana kwa ana.

Hilo la mwisho niliapa nilipofungua ile orodha ili niifute, na kabla ya kufuta nikapitia majina ya kwetu, yale mafupi ambayo hayakuvuja. Shangazi alikuwa amejaza yote nilipokwenda kutafuta waya. Nikafika kwangu. Hadija Saidi, herufi kumi na mbili pamoja na nafasi ya katikati, sifuri yake mahali pake, na pembeni, kwa herufi kubwa za mtu asiyejua kuzizima:

ANAJUA KILA KITU. ASIACHWE PEKE YAKE NA UBAO.